Ushuru wa Karatasi na Amana ya Mwenye Kuandika

Ndugu msomaji, yako maneno manne tunayoyatumia kila siku bila ya kuyafikiria: karatasi, ushuru, forodha na stakabadhi. Yote manne yametufikia kutoka katika Kiarabu, na yote yaliteremka pwani hii pamoja na bidhaa. Karatasi ni qirtas, neno ambalo limetajwa ndani ya Qur'ani Tukufu katika Suratul An'am. Ushuru asili yake ni fungu la kumi. Forodha ni mahali chombo kinapotia nanga na kuteremsha shehena. Na stakabadhi ni hati ya kukiri kwamba kitu kimepokewa. Ukiyapanga maneno haya kwa safu yatakupa habari nzima tunayotaka kuieleza: mtu ameleta karatasi kutoka ng'ambo, ameifikisha forodhani, ametoa ushuru wake, amepewa stakabadhi.

Huenda mtu akauliza: habari ya forodha yawahusu nini watu wa Kwa Mathias? Kwa Mathias, pale Kibaha, si bandari. Ni mahali katika barabara ya Morogoro, magari yanapopita mchana na usiku kwenda bara. Jibu ni kwamba hapana nyumba huko, wala Kisarawe, wala Bagamoyo, isiyonunua daftari. Kibaha ni mji uliokuzwa na elimu. Mwaka 1963 nchi za Nordic zilianzisha hapo kituo cha elimu ambacho kilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania mwaka 1970, na mpaka leo Shirika la Elimu Kibaha linajulikana nchi nzima. Kila mwezi wa Januari wazazi huhesabu fedha za daftari, kalamu na vitabu, na wenye watoto wa chuoni huongeza juzuu na misahafu. Sehemu kubwa ya karatasi hiyo, ikiwa imekwisha shonwa au ingali katika marobota, imevuka bahari au mpaka. Tena tangu tarehe 31 Julai 2025, ilipozinduliwa bandari kavu ya Kwala katika wilaya hiyo hiyo ya Kibaha, forodha yenyewe imesogea karibu na milango yetu.

Na liko swali linalozungumzwa katika mabaraza ya wafanya biashara, mara nyingi kwa sauti ya chini. Mtu akiandika katika hati za forodha kitu kisichokuwamo ndani ya kontena ili ushuru upungue, je, amemkosa Mwenyezi Mungu, au amekosana na serikali tu? Wapo wanaosema: "Ushuru huu ni maks, nayo maks imeharimishwa, basi kuukwepa si dhambi." Maneno haya yanavutia, kwani yamevaa nguo ya dini. Yafaa basi tuyatazame kwa njia ya tarikh, tuone wema waliotangulia walifanya nini, na pwani yetu iliona nini.

USHURU ULIVYOANZA

Katika ukhalifa wa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (R.A.), aliyetawala toka mwaka 13 mpaka 23 Hijra, yaani 634 mpaka 644, gavana wake Abu Musa Al-Ash'ari alimwandikia kumweleza kwamba wafanya biashara wa Kiislamu wanapoingia katika nchi za kigeni hutozwa fungu la kumi la mali zao. Umar akajibu kwamba na wao watozwe vile vile wanapoingia kwetu. Kisha akaweka viwango. Mgeni atokaye nchi isiyokuwa na mapatano na Waislamu alitoa moja katika kumi. Asiyekuwa Mwislamu aishiye chini ya himaya ya dola alitoa moja katika ishirini. Na Mwislamu alitoa moja katika arobaini, ambayo ndiyo kadiri ya zaka ya biashara yake. Tena mali isiyofika dirham 200 haikutozwa kitu. Habari hizi alizikusanya Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, katika kitabu alichokiandika kwa ajili ya Khalifa Harun Rashid.

Katika kitabu hicho imo hadithi ya Ziyad bin Hudair, aliyewekwa na Umar kukusanya ushuru. Mkristo mmoja wa kabila la Taghlib alipita kwake na farasi wa thamani kubwa, wakamthamini kuwa dirham 20,000, akatozwa 1,000. Mwaka ule ule aliporudi na farasi yule yule, Ziyad akataka tena 1,000. Mtu yule akafunga safari mpaka Makka kwa Umar, akamshitakia. Umar akamjibu kwa neno moja tu, kwamba limekwisha tosha. Yule Mkristo akadhani amepuuzwa, akarudi akiwa amekwisha jitia moyo kuzitoa zile fedha. Kumbe alipofika akaikuta barua ya Umar imemtangulia, inakataza mtu kutozwa mara mbili kwa mali moja katika mwaka mmoja.

Zingatia, msomaji. Mlalamikaji hakuwa Mwislamu, na aliyeshitakiwa alikuwa mtumishi wa Khalifa mwenyewe. Haki ikaenda kwa mwenye haki.

Baadaye alikuja Umar bin Abdul Aziz, aliyetawala toka mwaka 99 mpaka 101 Hijra (717 mpaka 720). Yeye alimwagiza mkusanyaji wake wa Misri kwamba kila anayetoa ushuru aandikiwe hati inayoonyesha kilichochukuliwa, itakayomlinda mpaka wakati kama ule wa mwaka ujao. Imam Malik ameipokea habari hii katika Muwatta. Hiyo, ndugu zangu, ndiyo stakabadhi ya forodha, na ina umri wa miaka elfu na mia tatu.

Na huyo huyo Umar bin Abdul Aziz ndiye aliyeamuru nyumba moja ya Rafah, iliyoitwa Nyumba ya Maks, ibomolewe na vifusi vyake vitupwe baharini. Basi mtu mmoja, katika utawala mmoja, amevunja nyumba ya maks na ameagiza stakabadhi za ushuru. Asingefanya yote mawili kama vitu hivi vingekuwa kitu kimoja. Maks waliyoikataa ni ile inayonyang'anywa njiani bila ya kiwango kinachojulikana, bila ya hati, na ambayo hairudi kwa watu bali huishia katika mifuko ya waitozao. Ushuru walioukubali ni ule wenye kiwango kinachojulikana, wenye kuandikwa, na wenye kuingia katika hazina ya wote.

Imesimuliwa pia kwamba gavana wake wa Madina alipoomba aongezewe karatasi za kuandikia, Umar alimwagiza aichonge kalamu yake iwe nyembamba, akaribishe mistari, na akusanye haja nyingi katika ukurasa mmoja. Karatasi ile ilikuwa ya mafunjo ya Misri, ikinunuliwa kwa mali ya Waislamu, naye hakutaka ipotee hata kipande.

KARATASI YA WARUMI NA FATWA YA TILIMSANI

Karatasi hii tuijuayo sisi ilianza Uchina. Waislamu walijifunza kuitengeneza Samarkand katika karne ya nane, na kabla ya karne hiyo kwisha Baghdad ilikuwa na kiwanda chake, na baadaye soko zima la wanakili na wauza vitabu. Kutoka hapo ufundi ulikwenda Sham, Misri, Fas na Andalus. Wazungu waliupata kwa Waislamu. Lakini kufikia karne ya kumi na nne Wataliana walikuwa wameukuza kwa vinu vya maji, wakatengeneza karatasi nyingi na rahisi, wakaanza kuwauzia wale wale waliowafundisha.

Hapo pakazuka mas'ala. Karatasi ya Wataliana ilikuwa na alama ya kiwanda ndani yake, isiyoonekana mpaka ukurasa uelekezwe kwenye mwanga, na baadhi ya alama hizo zilikuwa misalaba na sura za wanyama. Je, yajuzu kuandika Qur'ani na elimu juu yake? Mwaka 812 Hijra, yaani 1409, mwanachuoni wa Tilimsani, Ibn Marzuq, alitoa fatwa ndefu juu ya jambo hili. Akaeleza kwamba zamani karatasi ilitengenezwa Tilimsani penyewe na Fas, lakini sasa watu hawana budi kununua ya Warumi. Akajibu kwamba yajuzu, kwani mtu anapoliandika jina la Mwenyezi Mungu juu ya alama ile, haki imeifunika batili.

Tunaitaja fatwa hii kwa sababu yatuonyesha namna wanavyuoni walivyoishughulikia bidhaa ya kutoka nje. Hawakusema "imetoka kwa makafiri, tupeni," wala hawakusema "ni rahisi, nunueni na msiulize." Waliielekeza kwenye mwanga wakatazama kilichomo ndani, kisha ndipo wakahukumu.

Wenye viwanda wa Italia nao walikuwa werevu. Kwa ajili ya masoko ya Waislamu wakaanza kutengeneza karatasi yenye alama ya miezi mitatu michanga. Karatasi hiyo ilienea katika nchi za Waturuki, Misri na Sudan, na karatasi ya Kitaliana ilifika mpaka pwani yetu.

KARATASI KATIKA PWANI YETU

Watu wa pwani hawakuingojea shule ya Mzungu ndipo wajue karatasi. Barua za Kiswahili zilizoandikwa Kilwa kwa herufi za Kiarabu mwaka 1711 zimehifadhiwa mpaka leo katika nyaraka za Goa, huko India. Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na mafundi wa kunakili misahafu na kuijalidi, na baadhi ya misahafu hiyo ya karne ya kumi na nane na kumi na tisa ingalipo. Wino na kalamu viliweza kutengenezwa hapa hapa. Karatasi haikuweza. Kila ukurasa uliosomwa Lamu, Mombasa, Unguja, Bagamoyo na Kilwa ulikuwa umepanda chombo na kupita forodhani.

Katika karne ya kumi na tisa forodha kubwa kuliko zote ilikuwa ya Unguja, na mpaka leo mahali pale huitwa Forodhani. Sayyid Said bin Sultan alifanya mapatano na Marekani tarehe 21 Septemba 1833, kisha na Uingereza mwaka 1839 na Ufaransa mwaka 1844. Katika mapatano hayo ushuru wa bidhaa ziingiazo uliwekwa kuwa 5 kwa mia. Nguo, bunduki, shanga na karatasi, vyote vilikuwa chini ya hesabu hiyo moja.

Lakini Sayyid hakukusanya ushuru kwa mkono wake. Aliikodisha forodha. Kwa muda mrefu ilikuwa katika mikono ya nyumba ya Jairam Shivji, tajiri wa Kihindi wa asili ya Kachi, na kwa miaka michache toka 1876 ikawa kwa Taria Topan. Mwenye kukodi alimlipa Sayyid kiasi cha mwaka kilichokwisha patanwa, ambacho katika miaka ya 1860 kilipita reali 300,000, na chochote kilichozidi kikawa chake. Daftari za hesabu zilikuwa mikononi mwake. Matokeo yake ni kwamba mtawala mwenyewe alitegemea daftari za mtu mwingine ili ajue nchi yake imeingiza nini. Aliyeshika daftari alishika nchi.

Sayyid Barghash alipotawala alileta mashine ya kupiga chapa vitabu, na kuanzia mwaka 1297 Hijra (1880) kikaanza kutoka Unguja kitabu kikubwa cha sharia, Qamus Sharia cha Sheikh Jumayyil bin Khamis. Karatasi iliyoingia kwa marobota ikatoka ikiwa elimu, ikasafiri mpaka Oman. Hiyo ndiyo faida ya bidhaa hii inayoizidi bidhaa nyingine: huingia ikiwa tupu, na thamani yake hutiwa na watu wa mahali inapofika.

VITA VYA FORODHA

Yaliyofuata yaligusa mkoa wetu wa Pwani moja kwa moja. Mwezi wa Aprili 1888 Sayyid Khalifa bin Said alitia saini mapatano ya kuipa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki kazi ya kukusanya ushuru na kuendesha mambo ya mrima, toka mto Umba mpaka Ruvuma. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule Wajerumani wakafika katika miji ya pwani kuzishika forodha na kupandisha bendera yao. Watu wa Pangani wakakataa. Abushiri bin Salim akasimama mbele, na Bwana Heri wa Saadani naye akasimama, na Bagamoyo ikawa uwanja wa mapigano. Wajerumani walileta jeshi chini ya Wissmann. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889, na mwaka uliofuata Bwana Heri akasalimu amri.

Wengi hudhani vita vile vilikuwa vya bendera tu. Hapana shaka vilikuwa vya heshima, lakini vilikuwa pia vya forodha. Anayeandika mali za watu zinapoingia na kutoka ndiye anayewatawala, na watu wa mrima walilifahamu hilo. Walipoona dhuluma waliikataa kwa uwazi, kwa majina yao na nyuso zao, wakaukubali msiba uliowafika. Hivi sivyo afanyavyo mtu anayeandika uwongo katika hati usiku, kisha asubuhi akadai kwamba anapinga dhuluma.

FORODHA YA LEO

Baada ya ukoloni wa Wajerumani na Waingereza, nchi zetu tatu zilirithi forodha moja, wakaiendesha chini ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 1967. Jumuiya ile ilivunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa kwa miaka sita, ukafunguliwa mwaka 1983. Wenye umri wanaikumbuka miaka ile: fedha za kigeni hazikuwapo, leseni za kuagizia bidhaa zilikuwa chache, na daftari la mtoto likatafutwa kama dawa. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilichoanza kazi katikati ya miaka ya 1980, kilijengwa ili nchi ijitegemee katika jambo hili.

Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa tarehe 30 Novemba 1999. Umoja wa Forodha ukaanza tarehe 1 Januari 2005, chini ya sharia moja ya forodha ya mwaka 2004. Kwa upande wa Tanzania Bara sharia hiyo inasimamiwa na Mamlaka ya Mapato, iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 1996.

Anayetaka kuleta karatasi leo hutakiwa mambo haya kwa ufupi. Kwanza, awe ameandikishwa, ana namba ya mlipa kodi, ili ijulikane mali ni ya nani. Pili, awe na ankara ya muuzaji, orodha ya mizigo iliyofungwa, na hati ya shehena ya meli. Tatu, bidhaa iwe imekaguliwa ubora wake kwa taratibu za Shirika la Viwango. Nne, tamko lake lipelekwe forodhani kwa njia ya mtambo wa kompyuta na wakala wa forodha mwenye leseni. Sharia yataka shehena itamkwe katika siku 21 tangu ilipoanza kuteremshwa. Na hati zote ziwekwe, kwani maofisa wanaweza kuzidai hata baada ya kontena kutoka, mpaka miaka mitano.

Ama mfanya biashara mdogo anayevuka Horohoro au Namanga na maboksi machache ya daftari zilizotengenezwa katika nchi ya Jumuiya, amewekewa njia nyepesi. Ikiwa thamani haipiti dola 2,000 na bidhaa imo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti chepesi cha asili ya bidhaa pale pale mpakani, naye hatozwi ushuru wa forodha. Wengi hawaijui njia hii, wakapita vichochoroni na kutoa hongo kwa jambo ambalo sharia imewapa bure.

KITABU AU DAFTARI?

Sasa tufike penye mtihani wenyewe. Dunia nzima bidhaa hupangwa kwa namba, kwa utaratibu ulioanza kutumika tarehe 1 Januari 1988. Mlango wa 48 ni wa karatasi na vitu vya karatasi: karatasi za kuandikia, bahasha, karatasi za chooni, daftari. Mlango wa 49 ni wa vitu vilivyopigwa chapa: vitabu, magazeti, ramani, kalenda. Daftari la mwanafunzi liko chini ya 4820. Kitabu cha kusoma kiko chini ya 4901.

Tofauti hii si ya maneno tu. Mataifa yalipatana mwaka 1950, mjini Florence, kwamba vitabu na vyombo vya elimu visizuiliwe kwa ushuru, na katika jedwali la Jumuiya yetu kitabu huingia kwa sifuri. Daftari tupu huhesabiwa kuwa bidhaa iliyokamilika, na kiwango cha kawaida cha bidhaa hizo ni 25 kwa mia, ili wenye viwanda vya kushona daftari humu humu nchini wasifungiwe milango. Viwango hubadilishwa katika bajeti za Juni, na mwenye busara hutazama jedwali la mwaka wake.

Tuseme mtu ameleta daftari 100,000 za thamani ya shilingi 400 moja. Thamani yote ni shilingi milioni 40, na ushuru wa forodha ni milioni 10, yaani shilingi 100 kwa kila daftari. Wakala anamnong'oneza: "Andika vitabu vya kusoma. Vyote ni karatasi, na vyote ni vya watoto." Kwa neno moja milioni 10 zimebaki mfukoni. Sharia imeweka adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 kwa anayetoa tamko la uwongo. Lakini tuseme hakukamatwa. Je, nani amedhulumiwa?

Wa kwanza ni jirani yake. Muuzaji wa pili wa Kwa Mathias, ambaye ameandika daftari kuwa daftari, hawezi kuuza kwa bei ile. Atakaa na mzigo wake mpaka Januari ipite, na huenda mwaka ujao akafunga duka, au akashawishika naye kuandika uwongo ili aishi. Wa pili ni kijana anayeshona daftari kiwandani, ambaye kazi yake inakufa bila ya kumjua aliyeiua. Wa tatu ni watu wote, ambao dawa za hospitali na madawati ya shule yao yangetokana na milioni zile. Na wa nne ni mwandishi mwenyewe, ambaye ameishuhudia nafsi yake kwa uwongo, na ushahidi huo ameutia saini.

Hapa ndipo hoja ya "ushuru ni maks" inapoanguka. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya kodi za serikali za leo, ipi ni haki na ipi imezidi, na mtu anaweza kuwa na rai yake, akaisema kwa mbunge, kwa chama cha wafanya biashara na katika magazeti. Lakini uwongo wa maandishi hauna khitilafu. Hata mtu akiamini ya kuwa kiwango ni kikubwa mno, kuliandika daftari kuwa kitabu kunabaki kuwa uwongo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika Suratul Baqarah, inahusu kuandikiana deni, na inamtaka mwandishi aandike kwa uadilifu. Na Suratul Mutaffifin imewaonya wanaopunja vipimo. Hati ya forodha ni kipimo: kuipunguza ni kama kuupunguza mzani dukani.

NA WENYE KUPOKEA

Ingekuwa dhuluma kumwonya mfanya biashara na kumwacha ofisa. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu mmoja, Ibn Al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi akazigawa mali mafungu mawili, akasema hili ni lenu na hili nimepewa zawadi. Mtume akapanda juu ya mimbari akalikemea jambo hilo mbele ya watu, akauliza kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, je, zawadi zile zingemfikia? Swali hilo lawatosha maofisa wa forodha na mawakala mpaka siku ya Kiyama. Anayechelewesha hati zilizotimia ili apewe kitu, huyo ndiye aliyeijenga tena nyumba ya Rafah katika ofisi yake. Na serikali nayo, kama Umar alivyomfanyia yule Mkristo wa Taghlib, ina wajibu wa kusikiliza malalamiko ya mdogo na kurudisha kilichochukuliwa bila ya haki. Stakabadhi humfunga mtoaji na mpokeaji pia.

Na sisi tulio majumbani tunalo fungu letu. Mama anayenunua daftari sita kwa shilingi chache adai risiti, wala asione haya. Baba anayefurahia bei iliyo chini kuliko ya maduka yote ajiulize imeshukaje. Hatukuamrishwa kupeleleza, lakini hatukuruhusiwa kufumba macho juu ya jambo lililo wazi.

Mtoto wa chuoni hufundishwa kuandika Bismillahi juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari lake. Yafaa karatasi anayoliandikia jina hilo iwe imeingia nchini kwa neno la kweli.

Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali, azilinde kalamu zetu na uwongo, na awape wanaotutawala uadilifu katika kutoza na katika kutumia. Amin.